Faili Nililoliacha Mezani

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti chako karibu, kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwa sauti kubwa. Nitalieleza polepole, kama ninavyomweleza karani mpya siku yake ya kwanza. Pale nitakaponyamaza kidogo usidhani nimesahau. Ni aibu tu.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, hapa Kasongo. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili. Cha mbele ni changu: meza, viti vitatu vya wageni, benchi karibu na mlango, na kabati la chuma tulilolipandisha juu ya matofali ili mchwa wasilifikie. Cha ndani ni cha wakili. Watu wa huku humwita wakili Metre, awe mwanaume au mwanamke. Metre wetu ni mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Anacheka upesi na kukasirika polepole, na ukimwona amekasirika ujue umetafuta sana.

Kazi yangu ni mafaili. Ukiitazama kwa mbali utaiona ngumu, lakini si ngumu, na mtu yeyote mwenye subira anaiweza. Mteja akija mara ya kwanza ninamfungulia farde, yaani jalada la karatasi nene. Ya kijani ni ya mashamba na viwanja, ya njano ni ya mambo ya familia, nyekundu ni ya makosa ya jinai. Nje ninaandika namba kutoka kwenye daftari kubwa. Ndani, upande wa kushoto, ninabandika orodha. Kila karatasi inayoingia inapata mstari wake hapo: tarehe, ni karatasi gani, ni ya asili au ni nakala, na nani ameileta. Upande wa kulia zinakaa karatasi zenyewe. Karatasi ya asili haitobolewi wala haiandikwi kitu. Inavishwa mfuko wa plastiki. Mteja naye anapewa karatasi ndogo ya mapokezi yenye mhuri wetu, ili kesho asije akabaki na mdomo wake tu.

Kila Ijumaa Metre huingia chumba changu, huvuta faili moja bila kuchagua, husoma orodha kwa sauti, nami ninamwonyesha karatasi moja moja. Sheria yake ni moja: kisichoandikwa hakikuingia. Nilikuwa ninaipenda sheria hiyo. Nilikuwa ninawaambia wengine kwa majivuno.

Sasa nikueleze mteja mwenyewe. Alikuwa mjane kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, mama mnyamavu mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima maisha yake yote. Mume wake alimwachia shamba la michikichi linaloshuka hadi kwenye kijito. Baada ya matanga kuisha, mdogo wa marehemu alikuja akasema shamba ni la ukoo, na mjane arudi kwao alikotoka. Yule mama alikataa, na shemeji yake akafungua kesi. Alikuwa na sababu nzuri ya kukataa: karatasi ya ugawaji.

Karatasi hiyo ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Wazee wa ukoo waliiandika siku walipompa marehemu shamba lile, kwa kalamu ya bluu, wakaeleza mpaka unapoanzia na unapoishia, jiwe kwa jiwe, mti kwa mti, hadi kijitoni. Chini yake watu watano walipiga dole gumba, na chifu akaongeza mhuri wake. Hapakuwa na nakala. Karatasi ile ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la nguo, imekunjwa mara nne, na pale ilipokunjwa ilikuwa imeanza kukatika.

Mama yule aliileta siku ya Jumanne. Metre alikuwa tribinali, yaani mahakamani. Ofisi ilijaa watu, na mzee mmoja alikuwa ananililia sikioni habari za mbuzi. Mjane alingoja zamu yake kwenye benchi, kisha akafungua kitambaa kichwani, akatoa karatasi.

"Karani, ni hii. Bwana yangu aliniambia, siku nikikufa usimupatie mutu hii karatasi. Mi leo niko nakupatia weye."

Nilisimama kuipokea. Niliipokea kwa mikono miwili.

"Mama, sasa iko salama," nikamwambia.

Niliivisha plastiki, nikaiweka ndani ya farde yake ya kijani, nikairudisha farde kabatini. Sikuandika mstari. Sikumpa karatasi ya mapokezi. Hakuomba, na mimi, nikuambie kweli, nilifurahi kwamba hakuomba. Niliona ananiamini, na nikaona aibu kumkatia karatasi mtu anayeniamini, kana kwamba ningekuwa ninamwambia asiniamini tena. Simu yangu ina kamera. Ningeweza kuipiga picha karatasi ile kwa muda wa kukohoa mara moja. Sikuipiga. Nilijiambia nitaandika kesho, na mwenye mashine ya fotokopi pale sokoni atakuwa na mafuta ya jenereta, nitapiga nakala mbili. Jumatano ikapita na mambo yake. Alhamisi asubuhi nilitoa faili, nikalifungua mezani, nikashika kalamu nianze kuandika mstari wake.

Ndipo pikipiki ikazima nje, na sauti ya mwanamke ikauliza, "Huku ndiko kwa Metre? Mukwe wangu iko anafanya kazi hapa."

Ilikuwa sauti ya mama wa mke wangu.

Hapa inabidi nisimame nieleze, kwa sababu kama hukulelewa kama nilivyolelewa mimi utaniona mwendawazimu. Katika ukoo wa mke wangu, na katika wetu pia, mwanamume haingii chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hamwangalii usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini ili yeye apite. Akiingia nyumbani kwako, wewe unatoka. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyotoka upesi. Mimi yule mama ninampenda sana. Kalamu sikuiweka, niliitupa, nikapita mlango wa nyuma kabla hajakanyaga kizingiti cha mbele.

Nilisimama chini ya paa nyuma ya ofisi, mgongo wangu ukiwa kwenye dirisha, na mvua nyembamba ikinipiga miguuni. Tulisalimiana hivyo, mimi nikiongea na migomba, yeye akiongea na mgongo wangu.

"Karibuni mama! Mukae!"

"Tumekaa. Uko salama, mukwe?"

"Niko salama. Nyumbani?"

"Nyumbani kuko. Presha tu ndiyo inanisumbua, nimekuja hospitali. Mutoto wangu iko anakulisha, ao anakupikia majani ya sombe bila chumvi?"

"Iko ananilisha mama, hata mukaba wa suruali sasa unakataa kufunga."

Akacheka sana. Kisha akasema, "Nimebebwa na huyu baba kutoka Wamaza. Siku mbili mu matope, hakuniangusha hata mara moja. Mungu amubariki."

Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka ndani, "Mama yetu ni mwepesi kama unyoya."

"Mwongo we! Pikipiki ililia kila mulima!"

Tukacheka wote watatu. Nilimshukuru mtu yule kwa kumbeba mama yangu. Nilimshukuru kwa sauti, mara mbili, na mgongo wangu ukiwa kwake. Sikumwona uso. Baada ya muda akasema anatoka kuangalia cheni ya pikipiki. Mama mkwe akabaki kidogo, akaniambia ameacha kikapu cha mchele na samaki mkavu, na kwamba atalala kwa mdogo wake hapa mjini hadi madaktari wamalizane naye. Wakaenda.

Niliporudi ndani farde ya kijani ilikuwa imefungwa. Niliiacha wazi, nikaikuta imefungwa. Nilidhani mama ameifunika kwa adabu, kama mtu anavyofunika chakula cha mwenzake. Nilibeba kikapu kukipeleka nyumbani, na faili nikalirudisha kabatini bila kulifungua.

Ijumaa nililitoa tena. Mfuko wa plastiki ulikuwepo. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Nilitafuta chini ya meza. Nilivuta kabati kutoka ukutani. Nilifungua farde zote za kijani, moja baada ya nyingine, nikijiambia labda niliichanganya, ingawa mikono yangu ilijua kwamba sikuichanganya. Mwisho nikasoma tena karatasi ya madai ya upande wa pili, pale panapotajwa anwani na kazi ya mdogo wa marehemu. Mkazi wa Wamaza. Kazi yake: dereva wa pikipiki.

Unaelewa sasa nilikuwa wapi. Kama nikisema karatasi imeibiwa, Metre ataniuliza nani aliingia. Nikisema nani aliingia, nitakuwa nimemtaja mama wa mke wangu pamoja na mwizi, katika pumzi moja. Na kabla ya hapo ataniuliza kwa nini mstari haujaandikwa tangu Jumanne. Basi nikanyamaza. Ijumaa ile Metre alivuta faili lingine, na kila kitu kilikuwepo, akanisifu. Nilisema asante.

Wiki mbili zilipita. Kikao mbele ya jaji kilikuwa kinakaribia, na Metre alianza kuandika hoja zake. Akaniita chumba cha ndani.

"Karatasi ya ugawaji ya mama wa Wamaza iko wapi? Alisema ataileta."

"Bado hajaileta, Metre."

Maneno matatu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Sikuyapanga. Yalitoka yenyewe, laini kabisa, kama mlango uliotiwa mafuta. Metre alifungua farde, akaangalia orodha, akaona hakuna mstari. Akatikisa kichwa, akasema tumtumie habari.

Mjane alikuja baada ya siku tano. Alikuwa na tope hadi magotini, na alikuwa amepata lifti nusu ya njia tu. Metre alimketisha kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu, akamwambia kwa upole kwamba bila ile karatasi kesi itakuwa ngumu, na aharakishe kuileta.

Yule mama alimwangalia, halafu akaniangalia mimi.

"Si nilileta, Metre. Nilimupatia huyu baba mu mikono. Aliweka mu farde ya kijani. Aliniambia, mama, sasa iko salama."

Metre akanigeukia. "Karani?"

Niliangalia orodha. Nilijifanya ninaisoma. Kisha nikasema, "Mama, hapa hakuna mstari. Kisichoandikwa hakikuingia."

Nilitumia sheria ya Metre kama fimbo ya kumpiga mjane, na Metre, ambaye hakujua, alitikisa kichwa akakubali. Nilingoja yule mama apige kelele. Nilitamani apige kelele, aniite mwongo, aniite mwizi, labda ningebomoka palepale. Hakupiga. Alishika kitambaa chake kichwani, akapapasa pale alipokuwa ameificha karatasi, kana kwamba huenda bado imo.

"Pengine ni mimi," akasema polepole. "Tangu bwana yangu amekufa, kichwa iko inanipotea. Pengine niliota."

Akaomba radhi. Aliniomba mimi radhi, eti kwa kunisingizia. Akasema atarudi Wamaza atafute tena ndani ya sanduku.

Nilimsindikiza hadi barabarani, kwa sababu ndivyo tunavyofanya na wateja, na aliniaga vizuri.

Nyumbani sikuweza kula. Mke wangu aliniangalia, akaangalia sahani.

"Samaki ya mama yangu imekukosea nini?"

Nikamweleza yote. Mke wangu alifunika sufuria. Kisha akasema, "Sasa unataka nimuulize mama yangu kama aliiba?"

"Hapana! Usimuulize. Ndiyo maana sikusema."

"Weye hukumuuliza, ukamuacha mama wa watu anajiona wazimu," akasema. Akavaa kandambili zake, akaenda kwa mama yake mdogo, alikofikia mama yake, na chakula kikabaki mezani kama kilivyo.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, niliitwa. Nilisimama nje ya nyumba ya mama mdogo, upande wa pili wa ukuta wa matete, kichwa chini. Mama mkwe alikuwa ndani ya ua. Safari hii hapakuwa na utani wa sombe.

"Mukwe, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Yule mutu alisimama mbele ya meza yako. Alichukua karatasi mu plastiki, akaikunja, akaweka mu koti. Nikamuuliza, baba ni nini? Akasema, ni yangu mama, nilikuwa nimeileta kwa Metre, sasa iko tayari. Mi sijui kusoma. Nikafikiri ni ya pikipiki yake. Halafu akafunga ile farde vizuri, nikasema, huyu mutu iko na adabu."

Niliinamisha kichwa zaidi.

"Tangu siku ile umejua?"

"Tangu kesho yake, mama."

"Na haukuniuliza."

"Mama, ningekuulizaje? Ni heshima…"

"Heshima inakukataza kuniangalia," akasema, na sauti yake ilipanda hadi majirani wakanyamaza. "Haikukatazi kuniuliza! Ungemutuma mutoto wangu siku ile ile, yule mutu angekuwa bado hapa mujini ananingojea. Karatasi ingekuwa bado mu koti yake. Umenilinda na nini weye? Umeniacha niwe nimeleta mwizi kwako, na sijui. Nenda kwa Metre yako. Kama akiniita niseme, nitasema, presha ao hakuna presha."

Nimepata makaripio mengi katika maisha yangu. Hilo lilipita ukuta wa matete likanikuta na bado linanikuta. Kwa maana alikuwa na haki kabisa. Nilisema ninamlinda yeye, lakini niliyekuwa ninamlinda ni mimi. Mila nzuri ya wazee wetu niliifanya kichaka cha kujifichia.

Siku hiyohiyo nilirudi ofisini, nikabisha mlango wa ndani, nikasimama. Metre alikuwa anakula karanga juu ya gazeti la serikali la zamani.

"Metre, yule mama wa Wamaza aliileta ile karatasi. Niliipokea mimi. Sikuiandika. Iliibwa mezani pangu."

Alitafuna karanga iliyokuwa mdomoni hadi ikaisha. Akaniuliza maswali, moja moja, bila haraka. Siku gani. Saa ngapi. Nani alikuwepo. Nilipofika kwa mama mkwe na mlango wa nyuma, nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Hata mimi mume wangu anamkimbia mama yangu," akasema. "Anamkimbia na simu yake, na funguo zake, na sahani yake kama amepakua. Weye ulishindwa kukimbia na farde?"

Farde ina uzito wa kuku mdogo.

"Na siku ile mbele ya mteja," akaendelea, na sasa ndipo nilipoona hasira yake, imekuja polepole kama kawaida. "Nilimwambia yule mama kwa mdomo wangu kwamba hakuleta kitu. Umeutumia mdomo wangu."

Aliniomba ufunguo wa kabati. Niliuweka mezani. Akanipa karatasi nyeupe, akaniambia niandike yote, niweke tarehe na sahihi, yeye ataipeleka kwa jaji. Halafu akasema kwamba kabla ya hapo nitakwenda Wamaza, nimwambie mteja mwenyewe, palepale kwake, mbele ya watu wale ambao tayari amewaambia kwamba amepoteza karatasi ya marehemu.

Nilikwenda. Njia ilikuwa mbaya na nilishukuru kwa ubaya wake, kwa sababu ulinichelewesha. Nilimkuta mjane amekaa uani na sanduku la nguo liko wazi mbele yake. Nguo za marehemu zilikuwa zimetandazwa kwenye majani, suruali, shati la Jumapili, zote mifuko nje. Dada yake alikuwepo, na majirani wawili. Alikuwa anatafuta kwa mara ya tatu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, dada yake ndiye aliyesema kwanza.

"Kumbe! Na sisi tukamupeleka kwa mutu wa dawa, tukisema roho ya bwana yake inamuchezea!"

Mjane alianza kukunja shati la mume wake. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kola juu.

"Karani," akasema, "shamba ni kitu ya kuogopa kupoteza. Lakini mi nilianza kujiogopa mwenyewe. Usiku nalala, nafikiri, kama nimesahau hii, nimesahau nini ingine? Pengine hata bwana yangu hakunipatia shamba. Pengine ni mi nilitunga."

"Hukutunga, mama. Uliniletea. Jumanne, kabla ya saa sita. Ulikuwa umeifunga kichwani."

"Rudia."

Nikarudia. Alinifanya nirudie mara tatu, na kila mara aliwaangalia majirani kuona kama wanasikia. Kisha akanionyesha kiti. Sikupata msamaha siku ile na sikuuomba. Nilipewa maji ya kunywa, nikapewa majina ya watu watano waliopiga dole gumba, ambayo aliyakumbuka yote bila kusita. Watatu walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa palepale kijijini, hoi kitandani lakini akili zake timamu. Wa tano alihamia Lusangi, kulima na kuchimba. Nilimfuata hadi huko, kwa pikipiki na kwa miguu, na alikubali kuja.

Mbele ya jaji, mdogo wa marehemu alikana. Alisema hajawahi kuingia ofisi yetu. Mama mkwe wangu alisimama akaeleza alichokiona. Mimi nilikuwa nimekaa nje, chini ya dirisha la tribinali, mgongo ukutani, nikimsikiliza. Halafu jaji alisoma maandishi yangu kwa sauti, mbele ya watu wote, yakitaja kazi yangu na ofisi yangu. Hayo niliyasikia pia.

Karatasi haikuonekana tena. Jaji alisafiri hadi kijijini, akaliona shamba, akawasikiliza wazee wawili, na michikichi ilibaki ya mjane. Lakini mpaka wa chini, ule wa kijitoni, wazee hawakuukumbuka sawasawa. Mmoja alisema unafika majini, mwingine akasema unaishia kwenye jiwe. Ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu duniani. Kipande kile, chenye udongo mweusi wa kupanda mpunga, kilienda upande wa pili. Hadi leo mama yule akija mjini hupita ofisini kunisalimu. Husema michikichi inazaa. Hajawahi kuzungumzia kipande cha chini, nami ninapomwona hicho ndicho ninachokiona.

Ufunguo wa kabati nilirudishiwa baada ya miezi. Metre aliuweka mezani bila hotuba, akaendelea na kazi yake. Ninafundisha makarani wengine sasa, na wanapokosea mimi ninawatia moyo, kwa sababu kosa la kazi linarekebishika mtu akilisema siku ileile. Langu lilikuwa dogo siku ya Alhamisi. Liliacha kuwa dogo kwa sababu ya ukimya wangu.

Basi wewe, kama una karatasi yako ya asili na unaipeleka kwa wakili, kwa chifu au kwa ofisi yoyote, fanya hivi: ipige picha kwanza, pande zote mbili, na umpe mtu mwingine picha hiyo aiweke. Kisha mpe karani karatasi, kaa kwenye kiti, na usiinuke hadi akupe mapokezi yenye tarehe, sahihi na mhuri. Akikuambia, "Mama, sasa iko salama," mwambie, "Asante baba, andika."